Theluji ya Louisville

Ushauri wa Nshombo ulikuwa ukifika kwa sauti, asubuhi, kabla hajaingia kazini kupanga maboksi, na kila sauti aliyotuma ilianza na kikohozi kidogo, kama mtu anayesimama kutoa ushuhuda kanisani. Alikuwa Louisville. Alikuwa amekaa Amerika muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote wa ukoo wao, kwa hiyo baridi yote ya nchi ile aliihesabu kuwa mali yake, na aliigawa kwa ndugu kama mtu anavyogawa mbegu. Josiane alimsikiliza akiwa Buffalo, ameketi ukingoni mwa kitanda cha kuazima, simu kaibana sikioni ili mtoto asiamke.

Ushauri wenyewe ulikuwa mzuri. Mtoto apakwe Vaseline mashavuni kabla ya kutoka, si baada ya kurudi. Avae nguo mbili nyembamba ndani badala ya sweta moja nene. Glovu za vidole hazifai. Apewe zile za mfuko, vidole vikae pamoja vipashane joto kama watoto wa mama mmoja. Viatu vizidi mguu kidogo, soksi mbili ziingie. Asikae mbele ya kipasha joto kisha akatoka nje ghafla. Na asile theluji hata ikiwa nyeupe namna gani, maana mbwa hawachagui mahali.

Josiane aliyafuata yote, na yote yakawa kweli. Mashavu ya Aganze hayakupasuka. Vidole vyake havikufa ganzi. Pale mtaani West Side, watoto wa wageni wenzao walikohoa mwezi mzima, wake hakukohoa. Ndiyo sababu ushauri wa mwisho ulipofika aliufuata pia, bila kuugeuza huku na huku.

"Wifi, sikia," Nshombo alisema baada ya kukohoa. "Mutoto usimuambie. Mwambie baba alienda kazi fasi ya mbali, atarudia theluji ikiisha. Theluji haikawiake. Ikiisha, siye tutakuja, tutamuketisha muzuri, tutamuambia na chakula mbele yake. Njo vile nilifanya na bajukuu bangu wakati babu yao alikufa, na hawakusumbua mutu."

Baba aliyetajwa alikuwa Balagizi, mdogo wake Nshombo na mume wa Josiane. Alikuwa ameteleza na gari kwenye barafu ya kwanza ya mwaka, huko Columbus walikokuwa wakiishi, akirudi kutoka kwenye ghala alilofanya kazi. Walimzika hukohuko. Siku za msiba Aganze, mwenye miaka sita, aliwekwa kwa majirani akaachiwa katuni. Kisha kaka mkubwa wa marehemu, Polycarpe, akaja kuwachukua mjane na mtoto, akawapeleka Buffalo nyumbani kwake wakapitishe baridi. Baada ya baridi, alisema, tutaona.

Kwao mtoto haambiwi kifo. Haambiwi hivihivi, mtu akiwa amesimama na koti mkononi. Huambiwa baba amesafiri, mpaka matanga yaondolewe na mkubwa mmoja amkalishe na kumweleza. Josiane mwenyewe aliambiwa hivyo juu ya mama yake, kule nyumbani Walungu, na hakumbuki kwamba iliuma kupita kiasi.

*

Aganze alipoambiwa, alitafuna mkate wake mpaka mwisho ndipo akauliza: theluji ipi? Ya hapa au ya huko baba aliko?

Josiane hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akasema ya hapa.

"Okay," mtoto akasema, akaenda dirishani kuitazama. Wakati ule ilikuwa ndogo, imeshika nyasi tu, barabara ikionekana nyeusi katikati. Mtu yeyote angeona kwamba haina maisha.

Uongo ule ukapewa nyumba nzima iulee. Polycarpe aliuingiza katika sala ya chakula, akimwombea ndugu yetu aliye mbali. Séphora, mke wake, ambaye alikuwa akiwatunza wazee kwa zamu mbili na hakuwa na nguvu za ziada, aliondoa picha ya maziko iliyokuwa imewekwa juu ya televisheni. Kanisani kwao, upande wa barabara ya Bailey, mchungaji aliwaonya watu kabla ya ibada, na waumini wakapita mmoja mmoja wakimshika Josiane mkono kwa namna ya pole na midomo ikisema habari za siku nyingi.

Hakuvaa kitambaa cheusi, hakukata nywele. Kulia alilia bafuni, akifungulia maji ya moto yamfunike sauti, mpaka siku moja Séphora, kwa aibu, akiangalia sufuria badala ya kumwangalia yeye, akamwambia kwamba maji ya moto huku yanalipiwa, shemeji yake ameshaona bili na ameshindwa namna ya kusema.

"Si kwamba tunakukatalia kulia," Séphora alisema.

"Najua, dada."

"Basi njo vile."

Tangu siku ile Josiane akawa analilia kazini. Alipata kazi katika kiwanda cha kufua shuka za hospitali, mashine zikinguruma kutwa, na mwanamke aliyekunja naye shuka alikuwa Mburma asiyejua lugha yake hata neno moja. Walishika ncha nne za shuka, wakakutana katikati, wakaachana. Mburma aliona machozi na kukunja tu, na Josiane alimshukuru kwa hilo kuliko alivyowashukuru wote waliompa maneno.

*

Kisha ziwa lililo kando ya mji likaanza kazi yake. Mtu wa Buffalo haelezwi hili: upepo unapita juu ya maji, unachota, unakuja kumwaga mjini. Theluji ilishuka usiku na mchana, ikapanda ngazi za baraza, ikafunika magari yakawa kama makaburi yaliyopangwa kando ya barabara. Polycarpe alichimba mlango, akaenda kazini, akarudi akauchimba tena.

Nshombo alituma sauti akiuliza kama bado. Kwao, alisema, ilianguka Jumatano na kufika Ijumaa hata watoto hawakuwa na cha kuchezea. Josiane akafungua dirisha, akampigia picha ya mtaa. Jibu halikuja siku ile. Lilipokuja lilikuwa ushauri juu ya matone ya vitamini D, kwa sababu jua likikosekana mifupa ya mtoto hulainika.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kukaa Buffalo.

Aganze hakulalamika. Kila asubuhi aliitazama theluji kama mfanyakazi anavyotazama kazi iliyobaki. Alianza kujua habari zake kwa undani: ipi ni nyepesi, ipi imelowa, lori la jiji linapita lini, chumvi inayomwagwa barabarani inaiyeyusha wapi kwanza. Alikuwa akimweleza mama yake kwa Kiingereza, na Josiane alikuwa akijibu kwa Kiswahili, na kila mmoja alifahamu kadiri alivyofahamu. Dukani na zahanati mtoto ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Alikuwa anasimama mbele yake, anasikiliza watu wazima, kisha anageuka: anasema ungoje, anasema hiyo kadi haikubali. Hakuongeza neno wala kupunguza. Josiane alijivunia jambo hilo.

*

Katikati ya Januari ikanyesha mvua. Ilinyesha mvua ya kweli, yenye joto, siku nzima na kesho yake, na barabara zikaonyesha rangi zao, nyasi zikatokea zimelala kama nywele za mgonjwa. Watu walitoka bila kofia wakacheka ovyo.

Jumamosi hiyo Josiane aliamka akakuta upande wa mtoto hakuna mtu. Alimkuta barazani, ameketi ngazi ya juu, amevaa shati la kanisani na kuchana nywele kwa maji. Amejipaka Vaseline mwenyewe, mpaka masikioni.

"Haiko tena," alisema. "Niliangalia mpaka kwa kona."

Josiane aliingia ndani akasimama jikoni, mikono ameiweka juu ya meza. Alimwambia Polycarpe: shemeji, nataka kumwambia sasa. Leo. Polycarpe alikuwa akinywa chai. Akasema si vizuri. Mwenye kumwambia ni mkubwa, na Nshombo, dada yake, hayupo, na mchungaji yuko safarini, na siku ya kumwambia mtoto neno kama lile haichaguliwi na mvua.

"Tumpe nini sasa? Amevaa shati," Josiane alisema.

Polycarpe akafikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye nyumba ndogo na watu wengi, aliyezoea kutatua jambo la leo kwa kitu kilicho karibu. Akaenda barazani, akamwita mtoto, akamtia garini. Alimpeleka nyuma ya duka kubwa, mahali ambapo malori yalikuwa yamesukumia theluji ya uwanja wote. Lilikuwepo rundo refu kama nyumba, jeusi kwa moshi na mchanga, limechomwa na vigari viwili vya kununulia vitu vilivyonasa ndani yake. Mvua ilikuwa imeling'arisha tu.

"Unaona?" Polycarpe alimwambia. "Haijaisha."

Waliporudi, Aganze alivua shati akalikunja. Jioni ile hali ya hewa iligeuka, na kufika asubuhi ya Jumapili mji ulikuwa mweupe tena. Kanisani watu walinung'unika wakikung'uta viatu. Josiane peke yake alimshukuru Mungu kwa theluji ile. Alimshukuru kwa moyo wote, amefumba macho, kisha akaogopa alichokuwa amekishukuru.

*

Simu ya shule ilimfikia kiwandani mwezi wa Februari. Msimamizi alimpa ruhusa kwa uso wa mtu anayeandika jina mahali. Alipanda mabasi mawili.

Uwanja wa shule ulikuwa na rundo lake pia, dogo kuliko la dukani. Mwalimu alieleza, kwa mikono na maneno machache, kwamba mtoto amekuwa akitoka nje wakati wa mapumziko na chumvi mifukoni, chumvi ya jikoni, na kuisugua kwenye lile rundo. Leo alivua glovu ili isugulike vizuri. Alikataa kuingia ndani kengele ilipolia. Mikono yake ilikuwa imefungwa taulo, vidole vyekundu vikichungulia, na alipomwona mama yake alisema kwanza juu ya chumvi, kwamba atalipa.

Waliingizwa katika chumba kidogo chenye viti vya kitambaa. Mwanamke mmoja wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa ndiye anayeshughulika na watoto wenye matatizo nyumbani. Alijaribu kupiga simu ya wakalimani. Muziki ukapiga, ukapiga. Sauti ikasema lugha hiyo haina mtu kwa sasa. Yule mwanamke akaweka simu chini, akamwangalia Aganze, akatabasamu kwa huruma, akamuuliza kama anaweza kumsaidia mama kidogo. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kazi yake.

Ilianza vizuri. Anasema mikono yangu itapona. Anasema uniletee glovu zingine. Anasema unafanya kazi wapi? Josiane alijibu, na mtoto akapeleka jibu.

Polycarpe ndiye aliyemwandikisha mtoto shuleni mwezi wa Novemba, na walipomuuliza baba yuko wapi aliwaambia ukweli, maana serikali haidanganywi. Hakuwaza kwamba ukweli ukishawekwa mahali unakaa pale ukingoja.

Yule mwanamke akainama mbele, akamgusa Josiane goti, akasema maneno marefu kidogo, kwa sauti ya chini. Josiane hakuyaelewa. Alimwangalia mtoto amletee.

Aganze alimtazama yule mwanamke, halafu akatazama taulo zilizofunga mikono yake. Uso wake haukukunjamana. Ulikuwa kama wa mtu anayepanga maneno yasianguke, kama siku ile ya kadi iliyokataa. Kisha akamgeukia mama yake.

"Anasema pole," alisema. "Anasema pole juu ya baba alikufa."

Mashine ya joto ilikuwa ikipuliza ukutani. Yule mwanamke alikuwa akitabasamu kwao wote wawili kwa upole, akingoja.

"Nimujibu nini?" mtoto akauliza.

Na Josiane, Mungu amsamehe, alisema neno lililokuwa karibu na ulimi, neno ambalo mtu huwajibu watu wa ofisi siku zote.

"Mwambie asante."

Akamwambia.

*

Sasa mkutano uliokuwa ukingoja theluji iishe haukuwa na cha kungojea. Nshombo alikuja kwa basi kutoka Louisville, safari ya kutwa na usiku kucha, akapokewa na Polycarpe kituoni akiwa amevaa koti la huko kwao, koti la mvua tu. Alisimama barazani akitetemeka, akautazama mtaa, milima miwili ya theluji kulia na kushoto ya njia nyembamba ya miguu. "Kumbe," alisema. Hakukohoa, wala hakutoa ushauri wowote siku ile. Séphora akamletea blanketi.

Walifanya kila kitu kama inavyopaswa. Walipika kuku na sombe ya majani ya muhogo na bugali. Mchungaji alikuja. Aganze aliketishwa kwenye kiti cha watu wazima, miguu haifiki chini, bandeji bado mikononi, na Nshombo, aliye mkubwa kwa baba yake, akapiga magoti mbele yake na kuanza kwa mbali, kwamba kila mtu ana safari, kwamba Mungu ndiye mwenye njia, akaja polepole mpaka akafika. Baba yako, mwanangu, alilala Columbus. Hatarudi. Alikupenda. Alilia akisema hivyo, na wakubwa wote wakalia, na Josiane kwa mara ya kwanza tangu Novemba akalia mbele za watu, maji yasiyolipiwa.

Mtoto aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. Alingoja watulie, kwa adabu.

"Hii nayo," akauliza, "mutasema mpaka lini?"

Hakuna aliyeelewa. Nshombo akamwomba arudie.

"Ile ingine ilikuwa mpaka theluji ikiisha. Hii ni mpaka lini?"

Mchungaji alisema hii ni ya milele, hii ndiyo kweli. Polycarpe akasema kweli kabisa, na Séphora, na shangazi akaapa kwa jina la baba yao. Walisema wote kwa pamoja, kama walivyosema wote kwa pamoja lile la kwanza, kwa sauti zilezile na nyuso zilezile za upendo. Aganze akaitikia kwa kichwa. Akala kuku aliyewekewa. Alipomaliza alisema asante, akauliza kama anaweza kwenda kucheza.

Hawakujua kama amelia au hajalia. Josiane alimchungulia siku zilizofuata, shuka kwa shuka, mto kwa mto, hakuona alama. Alimshika akamwambia mambo ya baba yake, alivyocheka, alivyoogopa paka. Mtoto alisikiliza kama anavyosikiliza mtu mzima anayemwambia asile theluji. Aliamini labda, labda hakuamini. Alikuwa ameacha kuuliza, na Josiane hakujua ufunguo wa mahali alipoingia.

*

Kiwandani walimhamishia zamu ya mchana hadi usiku, adhabu ndogo ya kutoka kazini siku ile. Aganze alirudi kutoka shule akamkuta mama mlangoni akivaa viatu. Alimwambia: naenda kazi, nitarudi usiku, utaniona. Alisikia maneno yake yalivyotoka. Hakuwa na mengine. Alitafuta neno lolote la kuahidi ambalo lilikuwa halijatumika nyumbani mle, hakulipata, akavuta mlango.

Alirudi usiku, amechoka, theluji imemganda kwenye kitambaa cha kichwa. Mtoto alikuwa amelala. Séphora alikuwa bado jikoni, anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Sikukuwekea chakula," alisema. "Unisamehe. Ngoja nisonge bugali ingine."

Josiane akasema haina shida, dada, hana njaa.

"Hapana, sikiliza. Nilikuwa nakuwekea. Nimefunika sahani yako. Akaniambia niache." Séphora aliendelea kufuta. "Alisema, mama mukubwa, usiweke, itaharibika bure. Hakulia. Alisema tu vile mutu anasemaka. Akachukua sahani, akarudisha nyama kwa chungu."

Josiane alivua koti. Akaenda chumbani, akaketi kitandani, akaweka mkono juu ya mgongo wa mtoto. Ulikuwa na joto. Mtoto aliamka, akageuka, akamwona. Akashtuka kidogo, kama mtu aliyemkuta mgeni asiyetarajiwa, kisha akasogea kumpa nafasi.

Kesho yake Josiane akaondoka tena, akarudi tena. Keshokutwa vilevile. Hakuchelewa hata siku moja mpaka theluji yote ya Buffalo ikayeyuka, na lile rundo la nyuma ya duka likabaki matope na vigari viwili. Na kila jioni, Séphora alipoinua kifuniko amfunikie Josiane sahani, mtoto alimtazama kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mzee asiyejua, akamwambia aache.